Kitambaa, mswaki wa mtoto au mswaki wa kidole: kipi kimfae mbwa, kipi kimfae paka

Mfugaji wa Kigoma aliyeamua kumsafisha mbwa au paka wake meno nyumbani hukutana na swali la kifaa kabla ya maswali mengine yote, kwa sababu vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa vinywa vya wanyama si vitu vya kuvikuta katika kila duka la Mwanga au la Ujiji, na vile vinavyopatikana kwa urahisi vilitengenezwa kwa ajili ya watu. Hapa nalinganisha vitu vitatu ambavyo mtu anaweza kuvipata au kuviagiza bila shida kubwa, yaani kitambaa cha pamba kinachozungushwa kidoleni, mswaki wa mtoto mdogo wenye nywele laini, na mswaki wa mpira unaovaliwa kidoleni. Kisha nitagusia vya kupaka na vya kutafuna, ambavyo wengi huvitegemea kuliko vinavyostahili. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea: kwa paka nachagua kitambaa, kwa mbwa nachagua mswaki wa mtoto baada ya kumzoeza kwa kitambaa, na mswaki wa kidole nauweka nyuma ya vyote viwili.

Kinachoondolewa, na mahali kilipo

Mbwa mzima ana meno 42 na paka mzima ana meno 30. Saa chache tu baada ya jino kuwa safi, bakteria wa kinywani huanza kujenga utando laini juu yake, na utando huo ukiachwa siku mbili au tatu madini ya mate huugandisha ukawa ukoga, lile gamba la manjano au la kahawia ambalo wafugaji wengi hulidhani kuwa ndiyo rangi ya jino la mnyama aliyezeeka. Utando hutoka kwa kusuguliwa. Ukoga hautoki kwa kitambaa wala kwa mswaki, na anayeukwangua kwa kisu huacha mikwaruzo kwenye jino ambayo utando mpya hujishika kwayo kwa urahisi zaidi, huku uchafu ulio chini ya ufizi, ambao ndio wenye madhara, ukibaki palepale. Ndiyo maana kusafisha kila siku ndiko kunakofaa. Siku moja kwa kuruka moja bado kuna faida. Lakini anayesafisha mara moja kwa juma hufika utando ukiwa umekwisha kuganda.

Hatua ya kwanza ya ugonjwa, ambapo ukingo wa ufizi huwa mwekundu na kuvimba, hupona utando ukiondolewa kila siku, ilhali hatua inayofuata, ambapo mfupa unaoshikilia jino huanza kulika, haiponi tena kwa usafi wa nyumbani. Kuondoa ukoga kikamilifu kunataka mnyama alazwe kwa nusukaputi na jino lisafishwe hadi chini ya ufizi, kazi ambayo kwa mfugaji wa huku inaweza kumaanisha safari ndefu sana: hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa mfano, iko Morogoro, karibu na mwisho ule mwingine wa reli ya kati. Umbali huo ndio unaonifanya niamini kwamba dakika mbili za kila jioni zina thamani kubwa zaidi Kigoma au Tabora kuliko mahali ambapo daktari wa meno ya wanyama yupo mtaa wa pili.

Jambo ambalo hurahisisha kazi, na ambalo wengi hawaambiwi, ni kwamba hakuna haja ya kumpanua mnyama kinywa. Ukoga mwingi hujikusanya upande wa nje wa magego ya juu, kwa kuwa mirija ya mate humwaga mate yake hapo karibu na gego kubwa la juu, nao upande wa ndani husaidiwa na ulimi. Mfugaji anainua tu mdomo wa juu kwa kidole gumba, kinywa kikiwa kimefungwa, anasafisha upande wa nje kuanzia kwenye chonge hadi magego ya nyuma kabisa, kisha anahamia upande wa pili. Kifaa kizuri, kwa hiyo, ni kile kinachoweza kupenya kati ya shavu na magego bila kumuumiza mnyama na bila kumtisha.

Kitambaa

Kipande cha fulana ya pamba iliyofuliwa, au bandeji nyembamba inayouzwa duka la dawa, hukatwa kwa upana wa kiganja, kikazungushwa kwenye kidole cha shahada na kuloweshwa. Faida yake ya kwanza ni kwamba kidole kina hisia: kinajua pale ufizi ulipovimba, pale jino linapocheza, na pale mnyama anapokaza shavu kwa sababu ameumia, habari ambazo mpini wa mswaki hauwezi kuzileta. Faida ya pili ni kwamba hakigharimu karibu chochote, hufuliwa kwa sabuni, huchemshwa na kuanikwa juani, na kikichakaa hutupwa bila majuto.

Udhaifu wake ni kwamba husugua sehemu pana za jino vizuri lakini hakiingii kwenye ule mfereji mwembamba kati ya jino na ufizi, wala kwenye nafasi kati ya jino na jino. Kwa mbwa mwenye magego makubwa yenye mabonde, upungufu huo ni mkubwa. Kwa paka ni mdogo zaidi, maana meno yake ni madogo, na shavu lake ni jembamba kiasi kwamba mswaki mwingi wa dukani humjaza kinywa na kumkera.

Paka wangu, aliyezoea kula dagaa wa ziwani tangu alipoachishwa ziwa, alikataa maji matupu kabisa. Nilipolowesha kitambaa kwa maji yaliyochemshiwa dagaa, bila chumvi na bila kitunguu, alianza kwa kukilamba, na baada ya siku tisa aliniachia nipitishe kidole upande mmoja wote wa magego ya juu. Kitunguu nakitaja kwa makusudi, kwa sababu mchuzi wa nyumbani kwetu haukosi kitunguu maji au kitunguu saumu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu za paka na za mbwa. Dagaa wenyewe waoshwe vizuri kabla ya kuchemshwa, hasa walioanikwa mchangani, kwani mchanga unaobaki kwenye kitambaa husugua jino vibaya.

Mswaki wa mtoto

Mswaki wa mtoto wa umri wa miaka miwili hivi, ulioandikwa kuwa ni laini au laini sana, hufanya kile ambacho kitambaa hakiwezi. Ukishikwa kwa mwelekeo wa nyuzi 45 kuelekea ufizini, ncha za nywele zake huingia kidogo chini ya ukingo wa ufizi, na hapo ndipo ugonjwa huanzia. Mkono huzungushwa taratibu kwa miduara midogo, pasipo kukandamiza. Mpini wake huweka vidole mbali na chonge, jambo ambalo kwa mbwa wa ulinzi mwenye kilo ishirini na zaidi si dogo, na kwa mbwa mwenye pua ndefu, kama walivyo wengi wa mbwa wetu wa kienyeji, urefu wa mpini ndio unaowezesha kufikia gego la mwisho.

Kwa baadhi ya familia mpini una faida nyingine, ambayo ni ya ibada. Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, ilhali paka hana hukumu hiyo. Nyumba inayofuga mbwa kwa ajili ya ulinzi inaweza kumtunza meno bila tabu kwa kutumia mpini pamoja na glavu za kutupwa, na kwa kuweka mswaki huo nje, pamoja na bakuli lake, mbali kabisa na miswaki ya watu. Hata asiyehusika na hukumu hiyo afanye vivyo hivyo, na kila mnyama awe na mswaki wake, kwani bakteria wa fizi huhama.

Ubaya wa mswaki ni kwamba hausemi. Anayesugua kwa nguvu hatajua kwamba ameumiza ufizi mpaka aone damu, na mnyama aliyeumizwa mara mbili hukumbuka. Ndiyo sababu sishauri mtu aanze nao. Juma la kwanza ni la kugusa midomo tu na kumpa mnyama kitu anachokipenda mara tu mkono unapoondoka. Juma la pili ni la kitambaa. Mswaki huingia pale ambapo mbwa hageuzi tena kichwa. Mtoto wa mbwa anaweza kuanza kuguswa mdomo akiwa na majuma manane, ila kati ya miezi minne na saba hivi, meno ya utoto yanapotoka na ya ukubwani kuota, asilazimishwe, kwa maana fizi humuuma na kile anachojifunza wakati huo ni kwamba mswaki ni maumivu.

Wapo watakaouliza kuhusu mswaki wa mti, ule wa asili ambao wazee wetu wameutumia vizazi na vizazi. Kwa mtu anayeutafuna mwenyewe na kujua wapi pa kusugua ni kifaa kizuri. Kwa mbwa nyuzi zake hukatika na kubaki kati ya meno, na akiachiwa autafune peke yake vipande humezwa. Sioni sababu ya kuuchagua wakati mswaki wa mtoto upo kila duka.

Mswaki wa kidole

Huu ni kofia ya mpira laini yenye vinundu au nywele fupi, na huuzwa zaidi kwa ajili ya watoto wachanga. Unapoutazama unaonekana kuunganisha wema wa kitambaa na wema wa mswaki. Mimi nauona umechukua udhaifu wa vyote viwili. Vinundu vyake ni vinene, kwa hiyo haviingii ukingoni mwa ufizi. Unene wa mpira hupunguza hisia ya kidole. Na kidole bado kiko kati ya magego. Kwa paka ni mnene kupita kiasi. Unamfaa mbwa mdogo hadi wa wastani, mpole, ambaye amekataa mpini, na hata hapo mwenye mbwa akague kama mpira haujachanika, kwani kipande kikibaki kinywani kitamezwa.

Vya kupaka

Kinachosafisha ni msuguano, wala si dawa. Anayesafisha kwa maji safi kila siku anafanya vizuri kuliko anayepaka dawa nzuri mara moja kwa juma, na ukweli huu unamwondolea mfugaji gharama na hofu. Dawa ya meno ya wanyama, yenye ladha ya kuku au nyama na vimeng'enya vinavyosaidia kudhoofisha utando, ni nyongeza njema kwa anayeweza kuiagiza, zaidi kwa sababu humfanya mnyama akubali kuguswa.

Dawa ya meno ya watu isitumike kamwe. Mnyama hatemi, humeza. Floridi na povu lake humchafua tumbo, na baadhi ya aina zina zailitoli, sukari mbadala ambayo kwenye maboksi jina lake huanza kwa herufi X. Kwa mbwa, sukari hiyo inaweza kushusha sukari ya damu ndani ya saa moja na kuharibu ini, hata ikiwa ni kiasi kidogo. Magadi na chumvi vina sodiamu nyingi mno kwa mnyama anayemeza kila siku. Unga wa mkaa, ambao watu wengi huusifu kwa kung'arisha, husugua tabaka la juu la jino ambalo kwa mbwa na paka ni jembamba sana, halifiki hata milimita 1, wakati la binadamu linaweza kupita milimita 2. Mawese na mafuta ya nazi hayadhuru yakipakwa kidogo, lakini hayaondoi utando. Kitambaa kilicholoweshwa maji hufanya kazi iliyo bora.

Onyo la pekee liwafikie wenye paka. Mafuta ya karafuu, ambayo kwetu ndiyo dawa ya kwanza ya jino linalouma, ni sumu kwa paka, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuvunja kemikali za aina hiyo kama ini letu. Parasetamoli ni mbaya zaidi: kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua paka. Anayemwona paka wake anaumwa jino asishike wala karafuu wala kidonge.

Vya kutafuna

Hoja kwamba mbwa wa kijijini hutafuna mifupa na meno yake ni meupe nimeisikia mara nyingi, na ina chembe ya ukweli, kwa sababu kutafuna husugua ncha za magego. Lakini husugua ncha, si ukingo wa ufizi. Bei yake ni jino kupasuka: gego kubwa la juu, linalofanya kazi ya mkasi, ndilo huvunjika mbwa anapokaza kwenye mfupa mgumu au kwato, na ufa ukifika kwenye kiini, bakteria huingia hadi kwenye mzizi. Mfupa uliopikwa una hatari nyingine, kwani huchanika vipande vyenye ncha kali. Kipimo kinachotosha ni ukucha: kitu ambacho ukucha wako hauwezi kukibonyeza hata kidogo ni kigumu mno kwa meno ya mbwa. Muhogo mbichi nao, ambao Kasulu na Kibondo haukosekani jikoni, usigeuzwe kuwa kitafunio, kwa kuwa una sumu ya sianidi, hasa aina zile chungu.

Vijiti vya kutafuna vya viwandani hutofautiana sana. Mwenye ndugu wa kumletea kutoka Dar es Salaam au ng'ambo amwombe atazame alama ya VOHC, ambayo hutolewa na Veterinary Oral Health Council, baraza la Marekani la afya ya vinywa vya wanyama, kwa bidhaa zilizothibitisha kwa majaribio kwamba zinapunguza utando au ukoga. Bidhaa yenye alama hiyo ni msaidizi wa kweli kwa siku ambazo mswaki umeshindikana, na kwa paka aliyekataa kitambaa kabisa inaweza kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki.

Kabla ya mkono kufika kinywani

Kichaa cha mbwa bado kipo nchini mwetu, nacho hupita kwenye mate. Hakuna kifaa kati ya hivi vitatu kinachostahili kutumika kwa mbwa au paka ambaye hajachanjwa, na chanjo irudiwe kila mwaka kama afisa mifugo anavyoelekeza. Mnyama aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate mengi, ambaye taya limelegea au anashindwa kumeza, asifunuliwe mdomo ili kutafuta jino bovu. Afungiwe mahali salama na afisa mifugo aitwe. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa na jino aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Jino la paka, ingawa ni dogo, hudunga bakteria ndani kabisa ya nyama, na mkono huweza kuvimba kufikia kesho yake, kwa hiyo ng'ato la paka lisipuuzwe.

Kwa paka, njia ninayoiona tulivu ni kumpakata, kichwa chake kikielekea mbali nawe, mwili ukiwa umezungushiwa kanga ili miguu isichakure, na kuridhika na sekunde ishirini kila upande. Kwa mbwa, kaa ubavuni mwake badala ya kumkabili uso kwa uso, kwani mbwa wengi huchukulia kukabiliwa hivyo kama kutishwa.

Siku ambayo kifaa chochote huwekwa chini

Damu kidogo kwenye kitambaa katika siku za mwanzo, kwa ufizi uliokuwa umevimba, si jambo la ajabu, nayo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Damu isiyokoma baada ya majuma mawili, jino linalocheza, harufu inayozidi ingawa meno yanasafishwa, mnyama anayetafuna kwa upande mmoja, au paka anayekimbilia bakuli kisha akarudi nyuma akilia, hizo ni dalili zinazotaka daktari. Paka hupata pia ugonjwa wa jino kulika lenyewe, ambao hauzuiliki kwa mswaki, na kumsugua mwenye ugonjwa huo ni kumtesa.

Ipo dalili moja ambayo huku kwetu hupotezwa mara nyingi, nayo ni uvimbe chini ya jicho la mbwa. Tabora, mkoa wa asali, mtu wa kwanza kuuona atasema ni nyuki, na kwa kawaida ana haki ya kudhani hivyo. Lakini uvimbe wa nyuki hupungua ndani ya siku moja au mbili, wakati ule unaodumu, au unaopasuka, kutoa usaha, kufunga, kisha kurudi mahali palepale, mara nyingi hutoka kwenye mzizi wa gego kubwa la juu, ambalo mizizi yake iko karibu kabisa na jicho. Anayempeleka mbwa huyo kwa daktari wa mifugo ataje uvimbe ulianza lini, ni mara ya ngapi, na kama mbwa alikuwa na mazoea ya kutafuna mifupa, ili daktari aanze kwa kukagua jino kabla ya jicho.